Utepe Ndani ya Sampu

Siku baba yake alipomwamuru avue ovaroli mbele ya mafundi wote, Bisibisi hakulia. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akaitoa miguuni, akaikunja vizuri kama mtu anayeiweka kabatini, akaiacha juu ya tairi bovu karibu na lango. Ndani alikuwa na fulana iliyotoboka na suruali ya dada yake iliyomzidi kiuno. Akatoka akiishikilia suruali kwa mkono mmoja isimvuke. Nyuma yake mtu mmoja alicheka. Hakugeuka. Kicheko kile alikijua, kilikuwa cha shemeji yake.

Jina la Bisibisi alipewa utotoni, kwa wembamba wake na kwa tabia ya kujipenyeza kila mahali. Baba yao alikuwa na mabinti wawili tu na gereji moja. Binti mkubwa alipenda nyumba na watoto, mdogo alipenda grisi. Basi mzee akamchukua mdogo akamfundisha kazi, na hakuna kazi aliyomfundisha kwa ukali kama kufunga sampu, lile bakuli la chuma lililo chini ya injini, linalobeba oili.

"Injini haifi kwa kelele," mzee alikuwa akimwambia. "Inakufa kwa tone."

Alimfundisha kuyaosha meno ya bolti kwa petroli mpaka yang'ae, kuyakausha, kuweka washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia uvujaji, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Mahali panapotaka gundi, apake kidogo tu, tena ayaache uchi meno mawili ya mwanzo, ili gundi isisukumwe ndani bolti inapokazwa. Kilichoingia kwenye sampu kimeingia moyoni mwa gari. Binti akashika. Ikafika wakati madereva wakawa wanaingia gerejini na kuuliza, "Bisibisi yupo?" kabla hata ya kumsalimu mzee.

Shemeji yake naye alikuwa na jina: Bomba. Mwenyewe alidhani anasifiwa, maana kitu kizuri watu hukiita bomba. Kumbe mafundi walimaanisha mabomba ya maji. Kabla ya kumwoa dada mkubwa alikuwa akizibua vyoo na kufunga mifereji, na kazi hiyo aliiweza. Lakini alipooa alihamia gerejini kwa mkwewe, akavaa ovaroli, akaanza kutoa amri hata kabla hajajua spana ipi inafungua nini.

Basi siku moja likaletwa gari la kusambazia mikate. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mwenye tanuri kubwa, watu walimwita Mama Mikate. Sampu ilivuja. Mtu fulani huko nyuma alikuwa ameikaza bolti ya kumwagia oili kwa nguvu za ng'ombe, mpaka meno ya tundu yakalika. Bisibisi aliishusha sampu, akaiosha, akaona kwamba tundu linataka kuchongwa meno mapya na kupewa bolti nene zaidi. Akaenda madukani kuitafuta. Aliporudi, mafundi wengine wakiwa wameenda kula, gari lilikuwa limeshushwa, limejazwa oili, linanguruma.

"Nimekumalizia," Bomba alisema huku akijifuta mikono. "Mteja ana mikate inapoa, wewe unazurura."

"Umefungaje, shemeji? Tundu lile halina meno."

"Si unaona halivuji? Chungulia."

Bisibisi akachungulia. Kweli halikuvuja hata tone. Akataka gari lipandishwe tena kwenye jeki ajionee mwenyewe, lakini mzee akapaza sauti kutoka ofisini: "Mpeni mama gari lake aende!" Na neno la mzee pale lilikuwa sheria.

Haukupita muda injini ikanoki, ikakwama kabisa barabarani, katikati ya mteremko. Magurudumu yakafunga ghafla, gari likaenda kujigonga kwenye ukuta wa watu, na dereva akavunjika mkono. Mama Mikate alilivuta mpaka gerejini kwa kamba, naye mwenyewe akashuka kwenye gari la mbele akiwaka moto.

"Nani alishika injini yangu? Mlete hapa nimwone!"

Mzee alitoka ofisini. Alijilaza chini, akaingia chini ya gari peke yake, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa akifuta vidole kwa tambara, hamtazami mtu usoni.

"Nani alifunga sampu hii?"

"Bisibisi," Bomba akadakia. "Mimi hata sikuigusa."

"Baba, mimi niliifungua tu. Niliporudi kutoka—"

"Vua ovaroli yangu," mzee alisema.

Ikawa hivyo. Mama Mikate alimsindikiza kwa matusi mpaka langoni, matusi ya kumfikia hadi bibi yake. Baadaye gereji ikampa injini nyingine, lakini ile iliyokufa alikataa kuiacha. "Hii ni maiti yangu," alisema. "Nitaizika mwenyewe." Akaipakia, akaondoka nayo.

Bisibisi akahamia kwa shangazi yake, chumba kimoja, pazia katikati. Kilichomtafuna zaidi hakikuwa aibu ya kuvuliwa nguo. Kilikuwa kutojua. Alilala akiirudia kazi ile mkono kwa mkono: je, nilisahau tambara ndani? Je, niliosha sampu nikaacha mchanga? Mchana anasikia Bomba amekaa na madereva kwenye kibanda cha chai akieleza kwamba mkono wa kike haukazi nati, unaibembeleza tu. Watu wanacheka. Alipita gereji moja baada ya nyingine kuomba kazi, na kila alipofika, hadithi ilikuwa imemtangulia.

"Mwachie Mungu, mwanangu," shangazi alimsihi. "Chozi la mnyonge, malipo yake ni kwa Mungu."

"Shangazi, Mungu ana foleni ndefu. Hili nitalishughulikia mwenyewe."

Na alimaanisha. Kisasi alikilea kama mtu anavyolea kidonda, kila asubuhi anafunua kuangalia kama bado ni kibichi. Alimwazia Bomba akianguka, akifungwa, akiomba maji. Alipochoka kumwazia Bomba aliwazia gereji ikiwaka moto, kisha akaona aibu, maana gereji ilikuwa ya baba yake, naye baba huyo alikuwa bado anampenda. Huko ndiko kulikokuwa na uchungu wenyewe.

Mwishowe alipokewa ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na gereji ya baba yake. Mwenye gereji hiyo aliitwa Kocha, kwa sababu ya filimbi aliyokuwa ameitundika shingoni na kuipuliza mafundi wakizembea. "Sitaki kujua kilichotokea kule," alimwambia. "Nataka kujua unaanza lini." Akaanza siku hiyohiyo. Akawa anafanya kazi huku macho yake yanaliona lile lango alilotokea, na Bomba akiingia na kutoka na shati lake la kuchomekea.

Zamu ikageuka siku ambayo gari la mikate liliingia kwa Kocha. Mama Mikate alishuka, akamwona Bisibisi, akaganda.

"Wewe! Kumbe uko huku?"

"Mama," Kocha akamwambia kwa upole, "huyu ndiye fundi wangu wa injini. Kama humtaki, gari lako lina magurudumu."

Mama Mikate aliangalia gari, akaangalia barabara. Taa nyekundu ya oili ilikuwa inawaka na kuzima, na kule ng'ambo alikuwa ameshaenda mara kadhaa. "Bomba anasema ni waya tu," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Lakini injini ya kwanza nayo ilianza hivihivi."

Bisibisi akachukua jeki. Alipandisha gari, akaanza kufungua. Bolti ilipotoka akaishika mkononi akaitazama. Ilikuwa imezungushiwa utepe mweupe, mzunguko juu ya mzunguko, kama kidole chenye jeraha. Akamwaga oili, akashusha sampu, akaingiza mkono juu, kwenye chujio la pampu ya oili. Vidole vyake vikatoka na nyuzi za utepe, zimelainika kwa moto, zimejikunja kama minyoo. Chujio lilikuwa limeziba karibu lote. Pampu ilikuwa inanyonya hewa.

Akakaa chini palepale, kwenye oili.

Si tambara. Si mchanga. Si yeye. Ni utepe wa kufungia mabomba ya maji.

Akiwa amekaa hivyo, wazo likamjia, na lilikuja likiwa tamu. Afute oili iliyomwagika, arudishe sampu kama ilivyokuwa, amwambie mama ni waya tu. Hakuna atakayejua. Injini ya pili itakufa barabarani, na safari hii hakuna Bisibisi wa kusingiziwa. Bomba ataozea kwenye kesi. Akalibembeleza wazo lile, akaligeuza huku na huku. Halafu akasikia mtu akikohoa, akainua macho. Dereva wa mikate alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu akinywa maji kwenye chupa. Alikuwa dereva yuleyule. Mkono uliovunjika haukunyooka tena, na ile chupa aliinyanyua kwa kuinamisha kichwa kuifuata.

Bisibisi akasimama. "Mama, hebu njoo. Usiguse kitu, tazama tu. Tangu injini hii ifungwe, nani ameifungua sampu yake?"

"Shemeji yako peke yake. Kila mara ya kubadilisha oili."

"Na hiki ni nini?"

Mama Mikate akasogeza uso. "Si ule utepe wa mafundi bomba? Huyo shemeji yako alinifungia nao mfereji wa jikoni..." Akaweka mkono mdomoni.

"Ile maiti yako uliizika wapi?"

Haikuzikwa. Ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya unga, imefunikwa turubai. Wakaenda wote, na dereva wao. Waliyahamisha magunia moja moja, Bisibisi akalala chini, akafungua. Bolti ilikuwa na utepe. Chujio lilikuwa na utepe. Kwenye lile tundu lililolika meno, Bomba alikuwa amejaza utepe mwingi mpaka bolti ikashika, na oili ilipopata moto nyuzi zikaachia, zikanyonywa.

Mama Mikate akajiangusha juu ya gunia, unga ukaruka. "Yale niliyokuambia siku ile, mwanangu..."

"Uliyasema mbele za watu, mama," Bisibisi akamjibu. "Utayarudisha mbele za watu."

Mwisho wa wiki ile mzee alikuwa amewaita wateja wake wakubwa na mafundi kwenye chai. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hawezi tena kuona meno ya bolti, na siku hiyo alikuwa anamkabidhi mkwewe gereji. Kibao kipya kilikuwa kimeshapakwa rangi. Bomba alikuwa kwenye ovaroli mpya ambayo haijawahi kuona oili, dada mkubwa anamimina chai, watu wamekaa kwenye mabenchi. Bisibisi aliingia amebeba beseni lenye machujio mawili na bolti mbili, Mama Mikate kulia kwake, dereva nyuma.

"Nani huyo?" mzee akauliza, akikunja macho.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akanyoosha mkono kumtafuta. "Njoo ofisini, tuzungumze. Mlango—"

"Mlango ubaki wazi, baba. Siku ile uliponivua ovaroli ulikuwa wazi."

Kikombe kililia juu ya sahani. Bomba akacheka kile kicheko chake. "Jamani, leo ni siku ya heri, huyu ametuletea takataka za ng'ambo."

Bisibisi hakumtazama. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamwekea beseni mapajani. Mzee akaingiza vidole. Akaigusa bolti, akaufuata utepe kwa kucha, akalishika chujio, akavuta uzi mmoja, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akarudisha mkono.

Watu wote walisubiri aulize. Hakuuliza. Na kadiri alivyokaa bila kuuliza, ndivyo Bisibisi alivyozidi kumsogezea uso.

"Baba. Mbona huulizi ni nini?"

Mzee akaupapasa tena ule uzi wa utepe.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua," mzee akasema. Alisema taratibu, lakini pale palikuwa kimya kiasi kwamba hata aliyekuwa langoni alisikia. "Siku ileile. Nilipoingia chini ya gari niliigusa bolti. Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia, lakini vidole havijazeeka."

"Ukanivua ovaroli."

"Dada yako alikuwa na watoto wanne na mimba. Ningemfukuza mume wake, wale watoto wangekula nini? Na Mama Mikate alitaka mtu. Wewe... wewe ulikuwa na mikono, mwanangu. Nilijua popote utakapoangukia utasimama."

"Kwa hiyo nilifukuzwa kwa sababu naweza. Asiyeweza akabaki."

Mzee akaliinamia beseni.

Bisibisi alikuwa amejiandaa kwa maneno ya Bomba. Alikuwa ameyapanga usiku na mchana, majibu yake yote yapo tayari. Kwa hili hakuwa na kitu. Akasimama, akamgeukia Mama Mikate. Yule mama alikuwa mwanamke wa ahadi. Akasimama katikati ya mabenchi akasema kwa sauti ile ile ya siku ya matusi: "Nilimtukana mtoto wa watu bure. Aliyeua injini zangu ni huyo hapo, na ovaroli yake mpya!"

"Ni waya," Bomba akasema. Neno lilimtoka kwa mazoea tu, ulimi ulikosa lingine.

Hapo dereva akamsogelea mpaka wakakaribia kugusana vifua. Akanyanyua mkono wake, ukaishia pale unapoishia. "Na huu mkono? Huu nao ni waya?"

Aliyeanza kucheka ni fundi rangi. Kisha wengine. Kilikuwa kicheko kibaya, hakikuwa na furaha ndani yake, na kiliendelea muda mrefu. Bomba akamtazama mkwewe, mkwewe akatazama chini. Akamtazama mkewe. Dada mkubwa alikuwa ameshika birika, chai inamwagikia mezani, haoni. Bomba akatoka haraka haraka, na kila aliyepitwa naye alimpisha kwa heshima ya kejeli: "Pita, Bomba, pita."

Wanaosema kisasi hakina ladha labda hawajakionja. Kwa Bisibisi kilikuwa kitamu, aliukumbuka utamu ule kwa siku nyingi. Lakini alipogeuka kumwangalia mzee, beseni bado mapajani, oili ikimchirizikia kwenye suruali yake nzuri, utamu ukachacha. Mzee alitoa bunda la funguo mfukoni akalinyoosha hewani, upande ambao alidhani binti yake amesimama.

"Gereji ni yako. Ilikuwa yako."

"Funguo sizitaki," Bisibisi alisema. "Mimi nilitaka jina langu, nawe ulikuwa nalo mfukoni siku zote."

Akaondoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wateja walivuka barabara mmoja mmoja. Bomba alirudi kwenye mabomba yake mtaa wa pili, na wanasema anafanya vizuri. Mama Mikate alimdai mbele ya vyombo vya sheria, na dereva naye akafungua kesi yake. Lango la gereji ya mzee likafungwa. Bisibisi alilitazama likifungwa, akiwa ameshika spana, na hakujisikia vibaya. Alijiuliza kama alipaswa kujisikia vibaya, akarudi chini ya gari.

Halafu mzee akaanza kuja. Dada mkubwa anamshika mkono, anamvusha barabara, anamkalisha kwenye benchi la wateja mbele ya gereji ya Kocha, anaondoka. Mzee anakaa. Haiti mtu. Anasikiliza milio ya spana, na mara mojamoja anainamisha kichwa, kama anayeijua kazi inayofanywa kwa sauti yake. Bisibisi alimpita akienda kuchukua vifaa, akampita akirudi. "Shikamoo," alisema, kwa kuwa hakulelewa vibaya. "Marahaba," mzee akajibu. Basi. Jua likamfuata mpaka kwenye benchi, naye akabaki kwenye jua. Kesho yake akaja tena. Bisibisi alimwacha angoje. Alimwacha kwa makusudi, na aligundua kwamba anapenda kumwacha, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

Baada ya siku kadhaa dada mkubwa alipokuja kumchukua mzee, alimfuata Bisibisi nyuma ya gereji, kwenye pipa la oili chafu.

"Mdogo wangu. Mimi sikujua. Wala la mume wangu, wala la baba. Naapa kwa wanangu."

Bisibisi alimtazama. Alitaka sana kutomwamini, ingekuwa rahisi. Lakini dada yake hakuwahi kujua kudanganya, tangu utotoni akidanganya alikuwa anashika masikio, na sasa mikono yake ilikuwa imetulia.

"Najua hukujua."

"Umefurahi, lakini?"

"Nilifurahi. Siyo sana kama nilivyotarajia."

"Baba hataki kitu. Hataki hata umsamehe, amesema hivyo mwenyewe. Anataka akae tu mahali unapofanya kazi. Nimwambie asije?"

Kocha alipuliza filimbi. Gari jipya lilikuwa limeingia, sampu inadondosha oili njia nzima. Bisibisi alijifuta mikono, polepole, kidole kwa kidole.

"Mwambie asije mapema," alisema. "Asubuhi tunagonga mabati, kelele zitamuumiza. Aje mchana." Akaanza kuondoka, akasimama. "Na hilo benchi, sogezeni kivulini."